Mwitaliano Kando ya Kisima

Villar del Vado,
Karibu na Andújar, Jaén.
3 Februari 2002

Mdogo wangu mpendwa Custodio,

Pokea salamu nyingi, wewe na wote wa nyumbani kwako, kutoka kwa dada yako ambaye kalamu imekuwa nzito mkononi mwake tangu Krismasi. Hamjambo huko Uswisi? Baridi inawatendeaje? Goti la Verena limepona, au bado analiburuta ngazini? Na masikio yako je, bado yana kelele za mashine za kiwandani, au yameanza kutulia kwa kujua kwamba Juni unastaafu? Mjukuu wako Lea ameshaota meno ya mbele? Niambie yote, hata yale unayodhani hayana maana.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Shinikizo la damu linapanda na kushuka, lakini daktari amenipa vidonge na huvimeza ninapokumbuka. Mwezi wa nane nitatimiza miaka sabini, na bado napanda ngazi kupogoa mizeituni, ingawa Amador akiniona huko juu hupiga makelele kana kwamba nimepanda mnara wa kanisa. Mwanangu huyo hajambo. Yuko palepale Bailén kwenye kiwanda cha matofali, na kila Jumapili huja kula kwangu, naye hula chakula cha watu watatu.

Baridi ya hapa imeanza kulegea. Milozi ya njia ya makaburini imetoa maua kabla ya wakati, kama kawaida yake ya kiherehere. Kaburi la baba na mama nililisafisha wiki iliyopita nikawasomea sala, yako pia niliisoma.

Sasa Custodio, kaa chini. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye simu husikii, na mimi sitaki kupayuka maneno haya mpaka jirani zangu wote wayajue. Ya pili ni kwamba kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa nitarudi kule kule kwenye kusema uongo.

Ndiyo, uongo. Shamba lako la chini linakufa.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeinuka kwenda kunywa maji. Nimerudi, na bado ipo hapo juu. Basi niendelee.

Ilianza mwezi wa tano mwaka 1992. Tawi moja la mti wa tatu kutoka barabarani lilikauka, majani yakabaki yameng'ang'ania palepale, yamejikunja kwa urefu kama sigara. Nililikata nikaendelea na kazi zangu. Mwaka uliofuata ukakauka mguu mzima. Unajua miti yetu inavyosimama kwa miguu mitatu, vipandikizi vitatu katika shimo moja, kama ulivyoviweka kwa mikono yako. Mguu mmoja ulikufa, miwili ikabaki kijani, nami nikajiambia kwamba mzeituni wenye miguu miwili bado ni mzeituni. Kufika mavuno haukuwa na mguu hata mmoja.

Nilikuandikia wakati ule, utakumbuka. Barua yako ya kunijibu ninayo. Uliniambia hivi: "Ng'oa uliokufa, upande mwingine palepale, kwa kipandikizi cha mti wa baba wa mlimani. Sitaki kukuta pengo nitakaporudi." Nilikuelewa. Ndivyo tulivyolelewa. Baba mwenyewe alikuwa akisema safu ya mizeituni yenye pengo ni kinywa cha kizee, na mtu akipita barabarani anacheka.

Basi nikafanya. Nilipanda mlimani, nikachagua vipandikizi bora vya mti wa baba, nikapanda palepale. Mwaka wa kwanza vilichipua vikanifurahisha. Wa pili vikakauka. Nikang'oa, nikapanda tena palepale. Vikakauka. Mara ya tatu Hilario alikuwa anapita na punda wake, akasimama ukutani akaniangalia. Ni yuleyule Hilario wa kinu cha mafuta, uliyekuwa ukimwibia komamanga.

"Eufrasia," akasema, "mtoto akifia kitandani kwa homa, unamleta nduguye kumlaza kwenye shuka zilezile?"

"Shika njia yako wewe na punda mwenzio," nikamjibu.

Sikusema naye wiki mbili. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli, na mtu anayekuambia kweli huku akikukejeli ni adhabu kubwa. Lakini hata hivyo, Custodio, mara ya nne nilipanda tena palepale. Ndivyo tulivyo watu wa hapa. Tukiambiwa shimo limelaaniwa, tunalichimba zaidi.

Baada ya hapo sikukuandikia ukweli tena. Mti wa tatu ukafuatwa na wa kumi na mmoja, kisha safu nzima upande wa mfereji, kule maji ya umwagiliaji yanakopita kwanza. Na mimi nikawa nakuandikia kwamba mizeituni haijambo, mavuno ni ya wastani, mvua imekawia. Kila mara uliponijibu kwamba unahesabu miezi, kwamba utajenga kibaraza kando ya kisima ili uzeeke ukiitazama miti yako, nilishindwa. Niliwaza kwamba labda itapona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, kimeniumbua. Katika mashimo mia na themanini uliyoyachimba, miti iliyo hai kwelikweli haifiki sitini, na hiyo nayo ina dalili.

Aliyenifumbua macho ni binti mmoja bibi shamba, jina lake Araceli. Alikuja mwaka juzi mwezi wa tano, kofia kubwa, viatu vya tope, msumeno mdogo mkononi. Nilidhani anauza bima.

Alikata tawi lililokuwa linakauka, akabandua gamba, akanionyesha mti ndani umekuwa na rangi ya kahawia ya chai. Kisha akaniuliza, "Mama, kabla ya mizeituni mlilima nini hapa?"

"Pamba," nikasema. "Miaka ishirini na zaidi."

Akachota udongo kiganjani. "Basi ugonjwa ulikuwa umo humu humu, unawasubiri."

Nitakueleza kama alivyonieleza, maana alinieleza mara tatu na mara ya tatu nilielewa. Ni ukungu, kuvu ndogo isiyoonekana. Inakula pamba, na pamba ikiondoka, yenyewe haiondoki. Inajifanya chembechembe nyeusi ndogo kuliko mchanga, inalala ardhini miaka kumi na zaidi bila kula wala kunywa. Mzizi wa mzeituni ukipita karibu inaamka, inaingia, inapanda ndani kwa ndani na kuziba mirija ya maji. Mti unakufa kwa kiu huku miguu yake imo majini. Dawa ya kuimwagia hakuna. Na sisi tulifurahi jinsi gani tulipoipata ile ardhi laini ya pamba, tukasema mizeituni itakua haraka! Ilikua haraka kweli.

Nilimuuliza kwa nini basi miti ya watu wengine, mahali pengine, inaugua na kuinuka.

"Inategemea aina, mama. Kuna mizeituni inayokufa, kuna inayoumwa ikapona, kuna michache ambayo ugonjwa unaingia ukakwama. Hii yenu ya Picual kwa mafuta haina mpinzani, lakini mbele ya ugonjwa huu ni mtoto mchanga."

Damu ilinipanda. Kwangu mimi, kama kwako, mzeituni ni Picual, mingine yote ni vichaka vya kufungia mbuzi. Nikamwambia, "We binti, inaonekana hukuzaliwa mkoa huu."

"Nimezaliwa Martos, mama, humu humu Jaén. Baba yangu ana Picual mia tano. Zimeanza kufa upande wa chini, na yeye pia haniamini."

Hapo nikampa kiti na mkate.

Alipomaliza kula alisimama akalitazama shamba kutoka mwisho hadi mwisho, miti ya kijivu imesimama kama waombolezaji. Akanyoosha kidole kule pembeni, kando ya kisima.

"Na ule?"

"Ule si wetu. Ule ni Mwitaliano."

"Nani aliupanda?"

"Mdogo wangu," nikasema, "kwa ubishi."

Usikasirike, ndivyo tulivyokuwa tukisema siku zote. Sijui kama unajua jinsi ninavyoikumbuka siku ile. Februari ya 1978, wewe na likizo yako ya wiki tatu, umekuja kuchimba mashimo na mikono yako imeshakuwa laini ya kiwandani, umefunga vitambaa viganjani ukijifanya huumwi. Siku ya mwisho ukafungua sanduku lako, ukatoa kimche kilichofungwa kwenye gazeti bichi, ukasema umepewa na Fosco, rafiki yako wa kiwandani, kutoka kijiji chao kule Toskana. Ukakishika kama mtoto. Wanaume wote waliokuwa wanatusaidia wakaacha majembe.

"Unaniletea Mwitaliano kwenye ardhi yangu?" baba akasema. "Mizeituni yetu imekuwa haitoshi?"

Wakacheka wote. Nami nilicheka, Custodio, na hilo nakuomba radhi leo. Ulikwenda peke yako kando ya kisima, ukachimba shimo la mia na themanini na moja, ukakipanda. Chakula cha jioni kile hakikuliwa na mtu. Asubuhi ulipanda basi bila baraka yake, na uliporudi tena tulikuwa tumeshamlaza jenezani. Katikati ya hapo miaka kumi na mitatu, na mimi ndiye posta yenu: wewe "msalimie baba", yeye "mm".

Mti wako ulikua. Sisi hatukuwa tukiuvuna. Baba alikataza zeituni zake zisichanganywe na zetu, akasema zitachafua mafuta, nasi tukazoea kwamba ni za ndege. Hata jina hatukuupa, isipokuwa hilo la kuudhi.

Araceli aliuzunguka mara nyingi. Alichukua matawi, akachukua vipande vya shina chini kabisa, akachimba mpaka mizizini. Majibu yalichukua muda, akaja kunipa mwenyewe. Ugonjwa umo, alisema, kwenye mizizi na chini ya shina, sawa na miti mingine yote ya shamba lile. Lakini haukupanda. Miaka yote hii mti wako umekaa ndani ya ardhi ileile, unakunywa maji yaleyale ya mfereji, na umeukalia ugonjwa juu. Alinionya nisiuite mti usiougua, maana upo mwaka unaweza kudondosha tawi. Ila unaumwa na kuendelea na kazi. Nikasema huyo namfahamu, ni kama dada mtu.

Matawi ya juu yakapimwa, yakaonekana safi. Akayachukua kwenye banda lao la kuoteshea, kwenye udongo safi, na mwaka jana yakatoa mizizi. Leo hii kuna miche sabini na minne ya mti wako, Custodio, kwenye vifuko vyeusi, kila mmoja una urefu wa kufika kiunoni kwangu. Anasema mingine ya aina ileile tutaipata kwenye kitalu chenye vyeti.

Sasa nije kwenye linalonikosesha usingizi, kisha nikuombe ninachotaka kukuomba.

Unajua sisi hatutupi kitu. Majani na vitawi vya kupogoa tunavisaga na kuvirudisha chini ya miti kuwa mbolea, baba alifanya hivyo na babu pia. Basi miaka mitatu mfululizo mimi na Amador tulisaga matawi ya shamba la chini, yakiwemo yaliyokauka, na kwa kuwa mlimani ardhi ni maskini zaidi, tukapandisha mbolea hiyo kule. Kwenye miti ya baba. Niliisambaza kwa koleo mwenyewe, huku naimba. Mwaka jana mti ulio karibu na kiwanja cha kupuria ukakauka mkono mmoja. Nilipomwambia Araceli kuhusu ile mbolea, alivua kofia akakaa juu ya jiwe.

"Mama," akasema, "uliwapelekea ugonjwa mlangoni."

Sikulia mbele yake. Nililia njiani, kwa sauti, kama mwendawazimu. Araceli anasema kule juu hatumwagilii na ardhi ni kavu, ugonjwa hutembea polepole, huenda ukaishia hapo. Huenda. Tangu siku hiyo hakuna jani linalopanda wala kushuka, na viatu vya shamba la chini havivuki njia. Amador ananicheka kwamba nimekuwa kasisi wa viatu.

Kwa ajili hiyo sikukuu ya San Antón ya mwaka huu, na moto wake wa Januari, haikuwa kama nyingine. Ile miti iliyokwisha kufa kabisa Amador aliikata kwa msumeno, na badala ya kuisaga tuliipeleka yote uwanjani kwenye moto. Hapajawahi kuwa na moto mkubwa hivyo hapa. Vijana walishikana mikono wakaimba wakizunguka, watoto walikula bisi, watu wakanipongeza, "Hongera, bi Eufrasia, mwaka huu umetukirimu!" Walikuwa wanaota moto wa miti yako. Nilisema ni moshi unaoniwasha macho.

Ombi langu ni hili. Hati ya shamba la chini ina majina yetu mawili, na bila neno lako sigusi mti ulio hai. Nataka kuing'oa yote iliyobaki. Mwenye tingatinga ameniwekea tarehe 25 ya mwezi huu, baadaye atakuwa na kazi za watu mpaka kiangazi. Tung'oe, tuchome, kisha Julai na Agosti tuifunike ardhi kwa plastiki, jua letu liichome kuvu ife, au ife nyingi yake. Mwezi wa kumi na moja tupande watoto wa Mwitaliano. Si palepale. Katikati ya mashimo ya zamani, mistari mipya, na baba anisamehe kuhusu mapengo.

Najua ninachokuomba. Ulichimba mashimo yale kwa likizo zako, ukayalipa kwa miaka yako kule mashineni, na sasa imebaki miezi michache uje uyaone, nakuambia utakuta ardhi tupu. Kibaraza chako kitatazama plastiki. Utakuwa na miaka sabini kabla hujavuna cha maana. Na si Picual. Mafuta yake ni matamu, hayakuni koo kama yetu. Ukisema hapana, sitagombana nawe. Nitakusubiri na hiyo sitini tutaizika pamoja mmoja mmoja. Lakini nadhani sisi wawili tumeshazika vya kutosha.

Ningeimaliza barua hapa, kama si jambo lililonipata Jumatatu iliyopita.

Nilitaka kujua mafuta yake yakoje kabla sijakuomba shamba zima. Nikauvuna Mwitaliano, mimi na Amador, gunia moja likajaa vizuri. Kinu cha ushirika hakipokei gunia moja, kwa hiyo nikalipeleka kwa Hilario, ambaye bado ana lile jiwe lake dogo la mafuta ya nyumbani. Nilijua atanikejeli, nikajiandalia majibu njiani.

Alifungua gunia, akachukua zeituni chache, akazigeuzageuza mkononi. Hakucheka.

"Hata wewe sasa?" akasema.

"Hata mimi nini?"

"Zeituni za kisimani. Nikamue peke yake, nioshe jiwe kwanza, nisimwambie mtu." Akanitazama. "We Eufrasia, ina maana hukuwa unajua?"

Custodio, baba alikuwa akimpelekea Hilario gunia hilo kila mwaka. Tangu mti wako ulipoanza kuzaa mpaka mwaka aliokufa. Alikuja mwisho wa msimu, wengine wakishaondoka, akasimama pale pale mpaka tone la mwisho. Hilario alidhani anaona haya mbele za watu. Mwaka mmoja akamtania, akamuuliza tangu lini amekuwa mnywaji wa mafuta ya kigeni.

"Si ya kigeni," baba alimwambia. "Ni ya Custodio."

Hilario aliapishwa asiseme, akashika kiapo miaka yote hii, na kinywa chake unakijua.

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuvua koti. Unakumbuka, au pengine hukuwahi kuiona, ile chupa ndogo ya kijani aliyokuwa akiiweka mahali pake mezani? Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ukimuuliza, dawa ya tumbo. Kila asubuhi alimiminia mkate wake, akala taratibu, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake! Miaka minane alikula mafuta yako mbele ya macho yangu, na nikawa nakuandikia kwamba baba anasema "mm".

Nilirudi pia kuutazama ule mti vizuri. Nilikuwa nadhani umejikulia tu. Haukujikulia. Una makovu ya zamani ya msumeno, yamefungika vizuri, umeachiwa matawi makuu matatu na katikati umefunguliwa ili jua liingie. Ni mkono wake. Hakuna mwingine hapa aliyekuwa akikata mshazari namna ile.

Nilitaka kukutumia jani lake kwenye bahasha, Araceli akanikataza kwa ukali. Basi nakutumia maneno tu.

Mafuta ya mwaka huu nimeyatia kwenye chupa ileile ya kijani, nilikuwa nimeihifadhi bila kujua kwa nini. Iko mezani mahali pa baba. Mimi nimeonja yaliyobaki kwenye faneli, ya chupa sijayagusa. Hayo yanamsubiri mwenyewe, na mkate nitaoka siku hiyo.

Nisalimie sana Verena, umwambie asisikitike, nitamfundisha kukaanga makombo ya mkate kwa kitunguu saumu na atasahau theluji. Msalimie mwanao Rafael na mkewe, umbusu Lea kwenye mashavu yote mawili. Amador anakuamkia. Hilario naye anakusalimu, anasema komamanga zake hajazisahau.

Nijibu kabla ya tarehe 25, neno moja linatosha. Lolote utakalosema, nyumba hii ni yako na kitanda chako nimeshakitandika. Bikira wa Cabeza, mwombezi wa nchi yetu, akusindikize njia nzima mpaka mlangoni.

Mimi dada yako, niliyekucheka siku ile kando ya kisima na kukupenda siku zote,

Eufrasia